Kombaini ya kukodi huku Mbarali: uzoefu wangu wa msimu mmoja

Nalima mpunga ekari tatu kasoro kwenye skimu moja ya umwagiliaji ya Usangu, na mpaka 2024 sikuwahi kuingiza kombaini, mashine inayokata na kupiga mpunga kwa pamoja, shambani. Wangu ulikatwa kwa mundu, ukapigwa juu ya turubai na kupepetwa na akina mama wanaoshuka kila mwaka kutoka Makete. Kilichonibadilisha ni mvua. Msimu ule wa El Niño ilinyesha mpaka tukachoka, mpunga umeshaiva, vibarua wanagombaniwa na kila mwenye jaruba, kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa kingo. Na mpunga ulioiva hausubiri: ukikaa unapukutika, ukilala kwenye maji unaota palepale.

Nikaamua kukodi kombaini, na bei tuliyokubaliana na wenye mashine ilikuwa shilingi 120,000 kwa ekari. Kwa mikono ningetoa 80,000 ya kukata, kisha 3,000 kwa kila gunia la kupiga na kupepeta, mbali na chakula cha watu. Kwa hesabu hiyo mashine ni rahisi.

Tabu ilianza kwenye kusubiri. Niliahidiwa Jumatatu, ikaja Jumamosi. Kila nikipiga simu naambiwa "tupo njiani, mzee", kumbe wako kijiji cha pili wanamalizia wenye mashamba makubwa kwanza. Mimi siku hizo nazunguka jaruba nikiangalia punje zinavyoanguka.

Ilipofika, sina la kusema. Hii ni ya minyororo, si ya matairi, na kwenye tope letu hilo ndilo la kuuliza kabla hujatoa hata senti ya kishika nafasi. Saa tatu asubuhi iliingia, saa saba mchana nilikuwa na magunia 52 kwenye kingo. Kazi ile ingewachukua watu kumi karibu wiki nzima, na mvua ilirudi usiku uleule.

Lakini haivuni mpunga wote sawasawa. Mbegu ya SARO 5 ni fupi na ilikuwa bado imesimama, ikakatwa safi. Kipande changu cha mpunga mrefu wa Kyela, ule wa kula nyumbani, kilikuwa kimelala chote. Dereva alipita mara moja, akaacha nusu ya masuke chini, akanigeukia: "Huu, mzee, tafuta watu."

Kwenye malipo tukavutana. Msaidizi wake alipima kwa hatua, akasema ekari tatu kamili. Kijana wangu alizunguka shamba na simu yenye programu ya kupima eneo, ikatoa 2.6. Kwa hatua ni 360,000, kwa simu ni 312,000. Tulibishana mpaka chai ikapoa, tukakutana kwenye 330,000. Pima shamba lako kabla mashine haijafika. Ikishamaliza kuvuna huna nguvu tena.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu ni unyevu. Mpunga wa mundu hukaa juani siku kadhaa kabla ya kupigwa, huku wa kombaini unaingia kwenye gunia ukiwa mbichi. Jirani ana kipima unyevu: wangu ulisoma asilimia 22, na wa kuhifadhi unatakiwa usizidi 14. Nilikodi maturubai, nikaanika siku nne, nikianua kila wingu likijikusanya. Aliyepeleka wake kwenye mashine ya kukoboa bila kuanika vizuri alirudi na chenga tupu, punje zilizovunjika, na wanunuzi wa mchele hawana huruma kwenye chenga.

Halafu kuna akina mama wa Makete. Walikuja kama kawaida, wakakuta kombaini tatu kwenye skimu. Mmoja wao, ambaye amenivunia miaka mingi, alisimama kwenye kingo akaangalia mashine, akaniambia, "Sasa sisi tuokote masalia, baba?" Nilimpa kile kipande cha Kyela yeye na wenzake, kwa bei ya juu kuliko ya mwaka uliopita maana kukata mpunga uliolala ni kazi ya mgongo. Walimaliza siku moja na nusu, na masuke hawakuacha.

Nitaikodi tena. Nimeshabomoa kingo mbili ili majaruba matatu yawe moja, maana mashine ilipoteza muda mwingi kwenye kugeuka, na safari hii maji nitayafunga wiki mbili kabla ya kuvuna. Kyela nayo nitapanda, ekari nusu, na yule mama ameshaniachia namba mpya ya simu.