Pedi ya umeme kando ya ngoma ya ngozi: ununue ipi?

Mpiga ngoma akiingia dukani kutafuta pedi ya umeme, yaani kibao cha raba unachokipiga kikatoa sauti za ngoma kwa umeme, swali lake la kwanza huwa, "Ina sauti ngapi?" Muuzaji hulipenda swali hilo, maana jibu limeandikwa kwenye boksi: mia tano, mia nane, elfu na ushee. Mwezi mmoja baadaye utakuta unazotumia ni sita, na mbili kati ya hizo ni kengele.

Swali lenye faida ni jingine: ngoma yangu ya ngozi inashindwa wapi? Mwenye konga mbili nzuri, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa mikono, hana haja na pedi inayoiga konga. Ataipiga siku tatu, kisha ataona haya mbele ya konga zake. Pengine anachokosa ni besi nzito ambayo mzinga mdogo wa ngoma yake hauwezi kuitoa. Au anataka kengele na kayamba wakati mikono yote miwili iko kazini. Au anatafuta tu namna ya kufanya mazoezi usiku bila kuamsha nyumba nzima. Orodha hii nimeipanga kwa msingi huo: chombo kinachokaa vizuri kando ya ngoma halisi kiko juu, kinachotaka kuichukulia nafasi kiko chini. Ninaongea kama mtu wa mikono mitupu. Wa drams, ile seti ya ngoma za vijiti, nitamwambia pa kuigeuza orodha.

Kwanza, jaribu kwa kidole kimoja

Pedi nyingi zilizopo sokoni zilitengenezwa kwa ajili ya vijiti. Chini ya raba huwa kuna piezo, kidude chembamba kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme. Kijiti ni kigumu, hutikisa vizuri. Kiganja ni laini, humeza sehemu ya mtikisiko kabla haujafika. Ndiyo maana mtu hupiga pedi ya vijiti kwa mkono, ikawa haimsikii, akaongeza nguvu, na baada ya saa moja vidole vimevimba. Pedi zilizokusudiwa mkono huhisi pia msukumo, yaani uzito wa kiganja hata baada ya pigo. Hivyo unaweza kuliacha pigo lilie au kulizima kwa kubana, kama unavyofanya kwenye ngozi.

Vaa hedifoni ya waya, halafu gusa kwa ncha ya kidole, taratibu kabisa, ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Sauti inapaswa kukua bila kuruka. Ikiwa kimya, kimya, kimya, kisha ghafla "pa!", basi ama usikivu haujarekebishwa (omba waurekebishe papo hapo) ama pedi hiyo si yako. Kisha shusha mapigo ya haraka mfululizo kwa mikono miwili. Sikiliza kama pigo moja linalia mara mbili, na kama pedi jirani inaitikia pigo lisilo lake. Kasoro zote mbili hupunguzwa kwenye menyu, ila ukizidisha, pedi huwa kiziwi kwa yale mapigo madogo ya kujazia, ambayo kwa mpiga ngoma wa mkono ndiyo nusu ya kazi.

Kuna watu wanaohofia sana sauti kuchelewa. Pedi yenye sauti zake ndani huchelewa milisekunde chache tu. Sauti yenyewe husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 3 kutoka kwako tayari inakuchelewesha karibu milisekunde 9, na hujawahi kulalamika. Cha kuogopa ni Bluetooth. Hedifoni au spika ya Bluetooth mara nyingi huchelewa milisekunde 100 na zaidi. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, hiyo ni moja ya tano ya nafasi kati ya pigo na pigo. Huwezi kucheza hivyo. Waya tu.

1. Roland HandSonic HPD-20

Kwa mpiga ngoma wa mkono anayenunua chombo kimoja tu, jibu langu ni hili. Ukoo huu ulianza na HPD-15 mwaka 2000. HPD-20 ina pedi 13 zilizogawanywa juu ya duara moja, sauti 850, na uwezo wa kuhisi msukumo ambao nimeusema. Usidanganyike na hizo 850. Kinachoipa nafasi ya kwanza ni kwamba inapokea sauti zako mwenyewe, faili za WAV kutoka kwenye kumbukumbu ya USB.

Hapa ndipo umeme na ngozi vinapopatana. Subiri siku ngoma yako imeamka vizuri, ngozi imekaza, irekodi: pigo la besi, la wazi na la kofi. Ingiza sauti hizo kwenye pedi, kisha ishushe ile ya besi mpaka iwe kama ngoma ya ukubwa mara mbili. Sasa ngoma yako ina mama yake. Zinafanana rangi kwa sababu ni damu moja, na msikilizaji hajui moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Hakuna sauti ya kiwandani iliyowahi kunipa hilo.

Kasoro zipo. Pedi za pembeni ni nyembamba, na mwenye kiganja kipana hugusa mbili kwa mpigo. Inategemea adapta, kwa hiyo pasipo na umeme huna kitu. Na ile miale inayobadilisha sauti ukipunga mkono hewani juu yake, watu huifurahia kuitazama, yangu nimeizima.

2. Sensa juu ya ngoma uliyonayo

Wengi huwa hawafikirii njia hii, nami nusura niiweke ya kwanza. Unafunga sensa, kidude cha kuhisi pigo, kwenye ngoma yako, unaiunganisha na kisanduku cha sauti, na kila ukipiga ngozi, sauti ya pili inalia pamoja nayo. Mkono haujifunzi kitu kipya. Roland TM-2 ni mfano wa kisanduku kinachofaa: kidogo, kinasoma faili za WAV kutoka kwenye kadi, na kinatumia betri.

Soma hili kabla ya kulipa, maana wauzaji hawalisemi: sensa za kubana kama zile za ukoo wa RT-30 zinahitaji ukingo mgumu wa kubania. Konga na bongo (jozi ya ngoma ndogo) za kiwandani zinao. Ngoma iliyowambwa kwa kamba au kwa vigingi haina, na sensa hiyo haitashika. Kwa ngoma kama hiyo tumia kisahani cha piezo cha kubandika, ukiweke karibu na ukingo. Ukikibandika katikati utaiziba ngozi, utakuwa umeharibu sauti uliyonayo ili kupata usiyokuwa nayo.

Jambo jingine: sensa ya kawaida haijui besi wala kofi, inajua nguvu tu. Usijaribu kuifanya ilie kwa kila pigo. Pandisha kiwango cha chini cha pigo mpaka mapigo mazito peke yake ndiyo yaiamshe, kisha ipe kazi moja, besi ndefu au kengele. Mfumo wa Sunhouse uitwao Sensory Percussion hutofautisha sehemu za ngoma unapopiga, lakini umejengwa kwa ajili ya drams, na gharama na muda wa kuusuka ni vya mtu aliyeamua.

Nilijifunza kwa aibu kwamba ngoma yenye sensa isikae mbele ya spika kubwa ya besi. Spika ililia, ngozi ikatikisika, sensa ikadhani nimepiga, ikaliza spika tena. Ngoma ilijipiga yenyewe mpaka fundi sauti akavuta waya.

3. Roland SPD::ONE Percussion

Pedi moja tu, sauti 22, betri au adapta, inapigwa kwa mkono, kijiti au mguu. Iweke sakafuni, mikono ibaki kwenye ngozi, mguu ushike njuga au kengele. Kwa mwenye bajeti finyu hiki ndicho cha kuanzia, na hata ukija kununua kikubwa zaidi hiki hakitakaa bure. Vua kiatu chenye soli nene. Mguu nao unahitaji kuhisi.

4. Korg Wavedrum, na binamu yake wa tari

Kwa utamu wa mguso peke yake, Wavedrum ingekuwa ya kwanza. Ina uso wa ngoma halisi, na badala ya kusubiri pigo ili ilize sauti iliyorekodiwa, inachukua sauti ya mkono wako wenyewe na kuigeuza. Ukikwaruza kwa ukucha inakwaruza, ukisugua inasugua, ukikandamiza kwa kisigino cha kiganja sauti inapinda. Ya kwanza ilitoka mwaka 1994, na bado sijaona nyingi zinazoikaribia kwa hilo.

Kwa nini basi ni ya nne? Kwa sababu ni uso mmoja, sauti moja kwa wakati, na huwezi kuilisha sauti zako. Pia ina tabia ya kutaka kuwa mbele. Kando ya ngoma nyingine inahitaji mtu mwenye adabu. Zaidi utaipata kwa mtumba. Ile ndogo, Wavedrum Mini, ina spika ndani, inatumia betri, na ina sensa ya kubana unayoweza kuifunga kwenye chochote, meza, sufuria au goti.

Wa tari na dumbaki watazame pia ATV aFrame ya mwaka 2017, fremu yenye pembe tano inayoshikwa mkononi kama tari na kusoma vidole kwa namna hiyo hiyo. Si ya kuanzia.

5. Roland EC-10

Ni kahoni ya mbao ya kukalia, yenye sauti zake za umeme na spika yake humo humo. Kwa onyesho dogo lisilo na fundi sauti ni raha tupu: unakaa, unawasha, unapiga, nayo inatumia betri. Imeshuka mpaka hapa kwa sababu moja, kwamba ni ngoma kamili yenyewe. Ukiwa na ngoma zako mbele, umekalia nyingine ya nini?

6. Pedi za vijiti

Roland SPD-SX yenye pedi 9, Octapad SPD-30 yenye 8, na wenzao wa Alesis. Kwa mpiga drams, pindua orodha yangu na uanzie hapa, hasa SPD-SX, ambayo kazi yake hasa ni kubeba sauti zako. Kwa mkono mtupu ninayoweza kuitetea ni Yamaha DTX-MULTI 12, kwa kuwa ina mpangilio maalumu wa kupigwa kwa mikono na vidole.

7. Zisizo na sauti ndani

BopPad ya Keith McMillen ina uso msikivu kweli, ila haina sauti hata moja. Inatuma MIDI tu, yaani maagizo ya pigo bila sauti, na kompyuta au simu ndiyo inayolia. Studio, sawa. Jukwaani umeongeza kitu kimoja zaidi cha kugoma.

Zile pedi ndogo za mezani zenye spika mbili za ukubwa wa kifuniko cha soda sizihesabu. Ngoma ya watoto haikeshi.

Pesa ya spika uitenge kabla

Niliwahi kupeleka pedi nzuri jukwaani nikaichomeka kwenye amplifaya ya gitaa. Besi haikuwepo, kengele zilisikika kama zimefungwa kwenye blanketi. Amplifaya ya gitaa hukata juu na chini kwa makusudi. Unahitaji spika ya sauti kamili, yenye koni ya inchi 10 au 12, au amplifaya ya kinanda.

Pa kuiweka ni muhimu kuliko ukubwa wake. Ngoma ya ngozi hulia kutoka pale ulipo. Sauti ya pedi ikitokea kwenye spika ya upande wa pili wa ukumbi, masikio ya watu husikia wapigaji wawili wasioelewana. Weka spika yako nyuma ya goti au kando ya ngoma, isikike kama inatoka kwenye mzinga ule ule. Spika kubwa za ukumbi ziongeze tu.

Halafu suala la kupatanisha sauti. Ngozi hulegea hewa ikiwa na unyevu na hukaza ikipata joto, pedi haijui hali ya hewa. Kaza ngoma kwanza, ndipo uisogeze pedi iifuate, na urudie katikati ya onyesho. Kwa hiyo ukiwa dukani hesabu ni vitufe vingapi unabonyeza ili kuifanya sauti ya pedi moja iwe nyembamba au nzito zaidi. Vikizidi vitatu, gizani jukwaani hutafanya.

Kwa mtumba, nenda na hedifoni na upige kila pedi kwa nguvu tatu tofauti, hasa ile ya katikati, ndiyo hufa kwanza. Chezesha plagi kwenye kila tundu usikilize mikwaruzo. Soma volti na mwelekeo wa chanya na hasi chini ya chombo, ulinganishe na adapta unayopewa. Adapta isiyo yake imeua pedi nyingi kuliko mikono.

Stendi ununue siku hiyo hiyo. Uso wa pedi ukae usawa mmoja na ngozi, mkono uvuke kutoka moja hadi nyingine bila bega kupanda.