Programu za kusomea milisho: ipi uchukue, ipi ulipie

Kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliingia steshenari kwangu, hapa Nkuhungu, Jumatatu asubuhi akihema. "Shikamoo anko. Naomba uniprintie barua na CV, haraka." Nikamuuliza tangazo liko wapi, akanipa simu. Mwisho wa kutuma maombi ulikuwa Ijumaa iliyopita. Alilipata usiku wa jana yake kwenye grupu la WhatsApp, limezungushwa mpaka skrini shoti yenyewe imefifia.

Tovuti iliyotoa tangazo lile ina mlisho. Mlisho, au RSS kama wanavyouita mafundi, ni faili dogo linaloongezewa kila tovuti inapoweka kitu kipya: kichwa cha habari, tarehe, kiungo, na mara nyingine habari nzima. Unaweka programu ya kusomea, unaiingizia tovuti zako mara moja tu, na kuanzia hapo habari zinakufuata zenyewe kwa tarehe. Hakuna anayekuchagulia cha kuona.

Zipo nyingi. Mimi nimezipanga kwa kipimo kimoja: bando. Mwenye waifai nyumbani anaweza kuzipanga vingine.

Ya kwanza ni Feeder, ya simu za Android. Ni ya bure, haina matangazo, haikuombi hata barua pepe. Angalia vizuri wakati wa kupakua, maana zipo mbili za jina hilo; ikikudai ufungue akaunti, umekosea mlango. Ukishaiweka, ingia kwenye mipangilio uiamuru isasishe kwa waifai tu, na ukitaka, simu ikiwa kwenye chaji tu. Kisha, kwa kila tovuti, washa kile kipengele cha kuchukua makala nzima. Hapo ndipo utamu ulipo. Simu yangu huwa kwenye chaji dukani jioni, inavuta kila kitu kwa waifai ya hapa. Asubuhi nazima data kabisa, napanda daladala, nasoma mpaka Sabasaba bila MB hata moja kuondoka. Anayekwenda kazini Mtumba, mbali zaidi, kila siku atamaliza gazeti zima.

Kasoro yake ni kwamba orodha yako inakaa ndani ya simu. Simu ikiibiwa Majengo, orodha imekwenda nayo. Kwa hiyo toa faili la OPML, yaani orodha ya milisho yako yote, ujitumie kwenye barua pepe. Fanya hivyo kwa programu yoyote utakayochukua. Google Reader ilikuwa na watu wengi sana, na bado Google waliifunga tarehe 1 Julai 2013. Waliotoa orodha zao walihamia kwingine jioni hiyohiyo.

Ya pili ni Inoreader. Hii ni ya mtu anayesoma kwenye kompyuta ya ofisi mchana na simu usiku, kwa sababu ulichosoma huku kinaonekana kimesomwa na kule. Bure unapata milisho 150, na matangazo utayavumilia. Kusoma bila mtandao ni kwa wanaolipia, ndiyo maana haikushika namba moja.

Ya tatu, Feedly. Inapendeza macho, na anayeanza haimsumbui, lakini bure inaishia milisho 100 na inataka mtandao muda wote. Bando la wiki likiisha Alhamisi, nayo imeisha.

Wenye iPhone chukueni NetNewsWire. Ni ya bure, ilianza kwenye kompyuta za Mac mwaka 2002, wala sioni sababu ya kutafuta nyingine.

Za kulipia? NewsBlur inakupa tovuti 64 bure, na mwaka mzima ni dola 36. Feedbin ni dola 5 kwa mwezi, na inapokea pia majarida yanayokuja kwa barua pepe. Ni nzuri zote, ila zinataka kadi, malipo yanajirudia yenyewe, na hesabu ni ya dola. Afisa habari au mwandishi anayefuatilia Bunge, lipa; kazi itakurudishia. Anayetafuta ajira, hiyo hela nunua bando.

Mlisho utaupata wapi? Bandika anwani ya tovuti kwenye programu, mara nyingi itautafuta yenyewe. Ikishindwa, na tovuti imejengwa kwa WordPress, ongeza /feed mwishoni mwa anwani. Zile blogu zilizojengwa kwa Blogger, ambazo kwetu zimejaa, ongeza /feeds/posts/default. BBC Swahili wanao. Instagram usijisumbue. Tovuti nyingine zinatoa mistari miwili tu ili uingie kwao uone matangazo, na hizo mimi huzifuta. Na mlisho hauchuji uongo: tangazo la kazi linalodai hela ya usaili litakuja kama mengine.

Yule kijana nilimwekea Feeder palepale, tovuti sita za ajira na moja ya mpira aliyoniomba kwa aibu. Juzi amerudi na barua, zimebaki siku nne. Za ajira anazimaliza kila asubuhi, anasema. Inayomshinda ni ile ya mpira.