Vyuma visishike kutu ndani ya zege: cha kununua kwanza na cha kuacha

Anayejenga Kisumu hapambani na chumvi ya bahari kama mwenzake wa Mombasa. Ziwa Victoria ni maji matamu. Kinachomsumbua ni hewa na mvua. Simiti ina alikali inayokinga chuma, lakini kaboni dioksaidi hupenya zege polepole na kuimaliza. Hapo unyevu ukikifikia chuma, kutu huanza, huvimba na kupasua zege.

Namba 1 ni biskuti za kuinulia vyuma, yaani vipande vidogo vya simiti na mchanga vinavyowekwa chini ya vyuma ili zege livifunike pande zote, na kwa bei yake hakuna kinachozikaribia. Chuma kilichofunikwa na zege la milimita 12 badala ya 25 hufikiwa na hewa hiyo kwa karibu robo tu ya muda. Slabu ya mita 10 kwa 10, biskuti moja kila mita, inataka 121. Zitengenezeni saitini: simiti 1 kwa mchanga 2, simiti kilo 5 hivi inatosha zote. Upana milimita 50 kwa 50, unene 25. Chomeka waya wa kufungia zikiwa mbichi, kisha zilaze majini siku 7. Za nguzo ziwe na unene wa milimita 40, za msingi 50. Fundi akitaka kuweka jiwe au kipande cha mbao, kataa kabisa: jiwe huteleza vyuma vikikanyagwa, na mbao huoza ikaacha njia ya maji.

Namba 2, simiti ya 42.5 (daraja la nguvu lililoandikwa kwenye mfuko) na maji machache. Mfuko wa kilo 50 usizidi lita 25, na mchanga ukiwa umelowa punguza zaidi. Vibarua hupenda zege jepesi kwa sababu linasukumika haraka, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu. Kodi poka, mashine ya kutetemesha zege lishindiliwe, kisha limwagilie maji siku 7. Afadhali ukose marumaru kuliko kuruka hili.

Namba 3, dawa ya kuzuia maji, kwa slabu ya juu na tangi tu.

Namba 4, dawa ya kalsiamu nitraiti, inayochanganywa kwenye zege kuzuia kutu, na vyuma vilivyopakwa zinki. Ni vitu vizuri, ila kazi yake hasa ni pwani.

Rangi ya mafuta juu ya vyuma usinunue: zege halishiki vizuri. Kutu nyepesi haina neno. Inayobanduka magamba isugue kwa brashi ya waya. Dawa ya kuharakisha zege kukauka isome lebo kwanza. Ikiwa na kalsiamu kloraidi, irudishe dukani, maana hiyo ni chumvi unayoitia mwenyewe.