Gego dogo kuziba pengo la mbele: tunaipa nyota nne

Mtoto wa miaka 11 akipoteza jino la mbele la juu, skrubu ya titani ya kubebea jino bandia haimfai. Taya linakua, skrubu haisogei, na miaka michache baadaye jino hilo bandia limebaki juu kuliko wenzake. Huduma tunayoipima hapa ni ya kung'oa gego dogo lake mwenyewe, yaani jino la kati ya chonge na magego makubwa, na kulipanda penye pengo. Madaktari wa Oslo, Norway, wamefanya hivyo kwa miongo: katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2002, miaka 17 hadi 41 baada ya kupandwa, asilimia 90 ya meno yalikuwa bado kinywani.

Wakati ndio kila kitu. Mzizi uwe umefika theluthi mbili hadi robo tatu ya urefu wake, ncha ikiwa wazi. Ukiwahi, mzizi hubaki mfupi. Ukichelewa, ncha imefunga, damu hairudi ndani, na jino litahitaji kusafishwa mzizi. Magego madogo ya chini hupendwa kwa kuwa kwa kawaida yana mzizi mmoja. La kwanza la juu mara nyingi lina miwili.

Kliniki nzuri huijua ngozi nyembamba inayofunika mzizi. Shimo huchimbwa kwanza, taratibu, kwa maji ya chumvi, na kupimwa kwa nakala ya plastiki iliyochapwa kutokana na picha ya CT, yaani eksirei ya pande tatu. Jino lenyewe hulegezwa tu, likisubiri kwenye shimo lake la asili, kisha huhamishwa kwa dakika chache likishikwa kichwani. Wanaolisukuma kwa nguvu kwenye shimo lililobana huichubua ngozi hiyo. Mfupa hushikana na mzizi, na jino likigongwa kwa mpini wa kioo cha daktari hulia kama chuma. Hilo halivutiki tena kwa waya za kupanga meno.

Hufungwa kwa nyuzi au waya laini kwa wiki moja au mbili, chini kidogo ya usawa wa kuuma. Baadaye picha ikionyesha mfereji wa ndani unazidi kuwa mwembamba, msikubali haraka kuua mshipa kwa kusafisha mzizi: jino linaishi.

Nyota ya tano imepotea upande wa nyuma, kule gego lilikotolewa. Kama meno hayakuwa yamebanana kinywani, mmehamisha pengo tu. Na kabla ya kulipa ulizeni kama bei ina kompositi, yaani ujazo wa rangi ya jino, wa kulifanya gego lifanane na jino la mbele, pamoja na waya za kufunga nafasi iliyobaki nyuma.