Fenbendazoli ya maji ya asilimia 10 kwa chatu: uzoefu wangu

Nimeitumia kwa chatu wadogo wa Afrika Magharibi, wale wanaoletwa kutoka porini wakiwa na minyoo tumboni. Kwa minyoo ya duara ni dawa nzuri sana. Naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe na farasi, na kuipima kwa mnyama wa nusu kilo kunataka umakini.

Chupa ina miligramu 100 kwa kila mililita. Daktari wa mifugo aliniandikia miligramu 50 kwa kilo, kwa hiyo chatu wa gramu 500 anapata mililita 0.25. Mpime kwa mizani ya jikoni, usikisie, na utumie bomba la sindano la mililita 1 bila sindano yake. Soma lebo mara mbili: ipo pia ya asilimia 2.5, ya kondoo. Ukitumia ujazo wa ile kwenye hii, umezidisha mara nne, na dozi kubwa huharibu uboho unaotengeneza damu.

Tikisa chupa dakika nzima. Unga mweupe hutuama chini. Usipotikisa, chatu wa kwanza anakunywa maji matupu na wa mwisho anapewa tope. Mdomoni, kile kitundu kidogo kinachofunguka na kufunga mbele ya sakafu ya mdomo ni njia ya pumzi. Pitisha mrija laini pembeni yake, hadi kooni, ndipo usukume polepole.

Lakini kipimo cha kinyesi kwanza! Peleka kibichi, siku hiyohiyo, kikiwa kwenye kikopo kilichofungwa. Kikichelewa, kiweke kwenye friji, kamwe si kwenye friza. Kwa protozoa, vimelea vya seli moja, hata friji haifai, kwa sababu wanatambulika kwa kuchezacheza kwao chini ya hadubini, na hufa upesi. Mwambie anayepima kwamba chatu anakula panya: mayai ya minyoo ya panya na ya utitiri wake hupita tu tumboni, na watu wametibu nyoka wazima kwa sababu hiyo.

Kinyesi chenye ute na damu kinaweza kuwa amiba, na hiyo inataka dawa nyingine, metronidazoli. Chatu anayetapika chakula siku chache baada ya kula, na katikati ya mwili pamevimba, apimwe kriptosporidiamu, kimelea cha tumboni, na atengwe mara moja. Fenbendazoli haigusi hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Dozi ya pili ni baada ya siku 14. Wengi wanaosema dawa imeshindwa wameacha maganda ya mbao ndani ya kizimba. Mabuu ya safura, aina ya minyoo ya duara, huanguliwa humo na kumrudia. Tandika karatasi, itoe siku anayojisaidia, osha bakuli la maji kwa maji ya moto. Kinyesi kipimwe tena wiki 2 baada ya dozi ya mwisho, kabla hujamrudisha karibu na wenzake.