Hifadhi ya usiku ya vijana: pa kulala pazuri, pa kwenda asubuhi hakuna

Nyota tatu. Lazima nieleze, maana wahudumu wakiziona wataumia, na hawastahili.

Nilifika hapa nilipotoka makao ya watoto, nikiwa nimetimiza miaka 18. Mapokezi ndiyo sehemu bora kuliko zote. Dada wa zamu hakuhoji umekosa nini nyumbani. Anakuuliza jina unalopenda kuitwa, dawa unazotumia, na kama kuna mtu ambaye hutaki ajue kuwa uko humu. Swali hilo la mwisho sijaulizwa kwingine kokote. Kila kitanda kina kabati la kufuli na soketi yake. Asiyewahi kulala nje ataona soketi ni anasa, lakini simu ikizima, kazi uliyoiomba inakupita na hata tochi huna. Mabafu ni machache, maji ya moto huisha mapema. Hayo yanavumilika.

Nyota zilizopungua ni za mlango. Saa moja asubuhi wote nje, pamoja na mizigo, mpaka jioni. Ukiitwa kwenye usaili wa kazi unaingia na begi la nguo zako zote, na mwajiri analiona begi kabla hajakuona wewe. Halafu muda wa kukaa una kikomo. Ukiisha unampisha mwenzako. Msimamizi hakunificha: fedha anapewa za mwaka mmoja mmoja, hawezi kuahidi kitanda cha mwaka ujao.

Kwa hiyo lawama yangu naipeleka serikalini. Kule makaoni tulifunguliwa geti tulipotimiza umri, kana kwamba miaka 18 huja na funguo za chumba. Si lazima iwe hivyo. Uskoti ilitunga sheria mwaka 2014 inayowawezesha vijana wengi wa makao kubaki walipo hadi miaka 21. Finland, kwa mpango wa serikali ulioanza 2008, iligeuza hifadhi kadhaa za vitanda kuwa nyumba ndogo za kupanga: mtu anapata kwanza mkataba wa pango wenye jina lake, mengine yanafuata, bila sharti la kuwa na kazi kwanza au kuacha pombe kwanza.

Kwangu mimi fundo liko kwenye mdhamini. Hata nikipata kibarua na kodi ya kuanzia, mwenye nyumba anataka mtu mzima wa kunitilia sahihi. Aliyelelewa makaoni amtoe wapi? Serikali ndiyo iliyokuwa mlezi wangu kisheria. Wenzangu wenye wazazi wanasainiwa na baba au mama, basi mlezi wangu naye asaini. Na ikihesabu wasio na makazi, iwahesabu pia wanaolala sofani kwa rafiki, leo huku kesho kule. Wengi wetu tulianzia huko, na kwenye kumbukumbu zao hatukuwapo.

Ukihitaji kitanda, fika kabla mlango haujafunguliwa, vya wasichana huisha kwanza. Kitambulisho kama huna, njoo hivyo hivyo, watakusaidia kukifuatilia. Barua ya kuitaka wizara itudhamini kwenye pango nimeiacha mapokezi. Mwombe dada wa zamu akupe uisome, na ukikubaliana nayo weka sahihi.