Glavu ya besiboli ya chagua (mitumba), soko Virunga: kama mutoto wako iko mashoto, chukua

Niliikuta hapa Goma, soko Virunga, kwa papa mumoja mwenye kuuzishaka viatu vya chagua, inaninginia peke yake nyuma ya mabuti. Nikauliza bei, akasema "Mama, ile waliishona vibaya, inaingia tu mu mukono ya kuume, nipatie dola 3." Haikushonwa vibaya hata kidogo! Njo ya mashoto ile, mukono ya kuume inadaka, ya kushoto inatupa. Na mutoto wangu wa miaka 10 iko mashoto, kila siku mu familia banamugombeza ati asipokee kitu na mukono ule. Nilimuelezea papa ukweli, na hakupandisha bei, namupatia nyota zote juu ya ile.

Ngozi ni ya kweli, nene, rangi ya chai, pale kwa kiganja imelainika sababu mwenyewe wa kwanza aliitumikisha sana. Kamba mbili za vidole zilikuwa zimekatika, fundi viatu akarudishia na kamba ya buti, franka 2000. Mubaya yake: harufu ya uvundo haijatoka hata niliianika siku 3, na ikianguka kwa makoro, yale mawe ya volkano, inakwaruzika.

Jioni nikamusimulia mutoto habari ya Lee Richmond, mutupaji mashoto wa timu ya Worcester, kule Marekani. Tarehe 12 mwezi wa 6, 1880, angali anasoma ku iniversite ya Brown, alitupia timu ya Cleveland, bapigaji 27 bote, hakuna hata mumoja alifika ku besi ya kwanza, pale mupigaji anakimbiliaka akisha kupiga mupira, bakashinda 1-0, na mu ligi kubwa hakuna mutu alikuwa amefanya vile mbele yake. Mutoto akauliza glavu yake ilikuwa namna gani, nikamuambia siku zile bengi balidakaka na mikono mitupu, akaangalia mikono yake mwenyewe, akanyamaza. Kuna mupira moja karibu iharibishe yote, ilipigwa vizuri mpaka upande wa kuume, Lon Knight, mwenzake wa timu, akaiokota akaitupa mbio ku besi ya kwanza, mupigaji akafika amechelewa. Pale nilirudilia mara 3.

Richmond alishinda mechi 75, akapoteza 100, akakuwa daktari, kisha mwalimu kule Toledo miaka mingi mpaka akafa 1929. Hata banaopenda besiboli bengi habamujue, na inaniuma.

Papa iko upande wa viatu, chini ya mwavuli ya bluu. Mupira yenyewe hakuwa nayo, sisi tunatumia ya tenisi.